Alama za Maji za Dokta Falcone

"Samaúma kwa Kituo. Nawaona."

"Umbali?"

"Mita mia mbili."

"Bomba lisizame. Rudia, lisizame."

"Sawa."

Zuleide Bentes, mpelelezi wa Serikali, Samaúma kwa jina la redioni, akaiachia Motorola ining'inie kifuani, akaivuta injini ya Yamaha ya nguvu za farasi arobaini mpaka ikalia kama mbuzi wa kuchinjwa. Boti ya bati ikainua pua juu ya Mto Amazonas.

Mbele yake walikimbia wanaume wawili kwa boti yao. Mmoja alishika usukani, mwenzake alikumbatia bomba la plastiki jeusi kama mtu aliyebeba mtoto wa kuazima. Ndani ya bomba mlikuwa na ramani halali ya ukingo wa Remanso, waliyomnyang'anya mpima ardhi uwanjani mara tu aliposhuka kwenye ndege.

Ukingo ule ulikuwa mali ya Serikali Kuu, kwa kuwa sheria ya Brazili yasema ardhi inayofunikwa na mafuriko ya kila mwaka ni ya Serikali Kuu. Leo, saa kumi na moja jioni, ungekabidhiwa manispaa, na familia sitini za pale zipate hati. Agizo la kukabidhi lilikuwa linakufa leo hii hii.

Sasa ilikuwa saa kumi na robo.

Risasi ikapita.

Zuleide hakuinama. Mtu anayelenga huku anarukaruka kwenye boti hata mto wenyewe angeukosa.

Alichokitazama ni maji. Ilikuwa Novemba, mto umekonda. Mbele, upande wa kushoto, maji yalikuwa yametulia, yanang'aa kama mafuta ya kukaangia. Pazuri kwa macho. Mtu wa mto hapiti pale hata kwa bunduki.

Wale wawili, watoto wa lami, wakakata kushoto.

Kwaa!

Mchanga ukaishika injini. Boti ikasimama, wao wakaendelea.

Zuleide akazunguka taratibu, akazima mashine, akawaelekezea bastola yake ya Taurus huku wakitema mchanga.

"Mama, usipige! Sisi tumetumwa tu!"

"Hata punda hutumwa, na haibi. Leta bomba."

"Dokta Falcone atatuua!"

"Basi kaeni hapa. Hapa mna mamba tu."

Akawafunga kwa kamba ya machela, mafundo matatu kila mmoja, akaita polisi wa mto waje wawazoe, akaondoka.

Gatini, chini ya turubai la bluu, watu walikuwa wamejaa. Meya Odivaldo alivaa tai iliyomkaba, naye alikuwa amekwisha kuhutubia mara mbili. Katikati ya meza alikaa Bi Graciema Toledo, ofisa wa ardhi kutoka Brasília, kofia ya kalamu imefunguliwa. Kando yake, viatu vyeupe visivyopata kuona tope, alitabasamu Dokta Evaristo Falcone.

Udokta wake hakuna aliyejua ni wa nini. Hakutibu, hakufundisha. Alisafirisha dhahabu ya wizi, na pale Remanso mto una kina kirefu kuliko popote. Alitaka gati la siri.

Zuleide akapita katikati ya watu, suruali imelowa hadi magotini, akaiweka ramani mezani.

"Bi Toledo, usitie sahihi. Hiyo ramani uliyonayo ni ya kughushi. Halali ni hii."

Falcone akacheka puani. "Hii inayochuruzika maji? Dada, samaki wanauzwa kule."

Ofisa akazilinganisha. "Mihuri inafanana. Tofauti ni hizi mita mia tisa. Yako inasema mafuriko huzifunika, ya Dokta inasema hazifikiwi, kwa hiyo hazikuwa za Serikali. Ni shamba lake."

"Nina ushahidi," Falcone akasema, akatandaza picha. "Nilikuja mwenyewe Oktoba. Nyumba hii iko katikati ya shamba langu. Tazama ukutani, alama ya maji! Miaka yote mto unakomea hapo, chini ya goti. Wewe una nini?"

"Dakika saba," Bi Toledo akamwambia Zuleide. "Kisha natia sahihi ramani ya mwenye ushahidi."

Zuleide akaichukua picha. Akaitazama kwa utulivu, kona hadi kona. Kisha akampelekea Dona Filó, mama muuza supu ya tacacá, aliyekuwa akikoroga sufuria pembeni. Nyumba yake ilikuwa ndani ya zile mita mia tisa.

"Dona Filó, nyumba hii ya nani?"

Mama akafuta mikono kwenye aproni, akaisogeza picha machoni. "Si ya Clodomir muuza barafu? Haya si magogo yake yanachungulia topeni?"

"Magogo ya nini?"

"Ya kuelea, mwanangu! Mto ukijaa, nyumba inapanda nao. Ukikauka, inakaa topeni kama kuku anayeatamia. Alama si itabaki palepale hata maji yafike mbinguni?" Akamgeukia Falcone, akamkagua kutoka viatu hadi kichwa. "Baba, umempima bata miguu ili ujue kina cha mto?"

Gati zima likaangua kicheko. Hata polisi wa ulinzi.

"Njoo nyumbani kwangu," Filó akaendelea. "Kwenye nguzo nimekata alama kila Juni, miaka arobaini na miwili. Ile ya juu inakupita kichwa, na hicho kichwa chenyewe kilivyo kikubwa!"

Falcone akawa mwekundu. Akainyakua ramani halali, akachomoa bastola, akarudi kinyumenyume kuelekea jiko la mkaa la Filó ili aichome.

"Hakuna ushahidi, hakuna sahihi!"

Zuleide akachota bakuli la kibuyu kwenye sufuria. Mchuzi wa muhogo wa kuchemka, kamba wadogo, jani la jambu la kutia ganzi.

Wote ukammwagikia Falcone usoni.

Bastola ikalia juu, ikatoboa turubai. Teke moja mkononi, moja gotini. Dokta akalala kwenye tope, viatu vyeupe juu. Pingu. Alitaka kutukana, ulimi umekufa ganzi.

Bi Toledo akaikung'uta ramani, akatia sahihi. Saa kumi na moja kasoro dakika moja.

Meya Odivaldo akapanda juu ya kiti. "Ndugu wananchi! Hatimaye ukingo wangu—"

"Wa nani?" Zuleide akauliza.

Hakupaza sauti. Meya akaitazama Taurus kiunoni mwake, akalegeza tai.

"Wa... wa wananchi."

"Andika hati sitini kesho asubuhi, Bwana Meya. Ya kwanza ya Dona Filó. Huyu nilimwendea kwa sababu aliiba kutoka juu, kwa Serikali. Wa kuiba kutoka chini, kwa wananchi, nao najua njia ya kwao."

Meya akashuka kitini polepole.

Motorola ikakoroma. "Kituo kwa Samaúma. Hali?"

"Imetiwa sahihi. Takataka moja iko gatini, mbili ziko mchangani."

Akakaa kwenye boti, akavuta kamba ya injini mara moja, akakamata mkondo wa kulia, wenye kina.