Udongo Mkali

Kila asubuhi ni ndoo mbili. Moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa, na ole wangu nikizichanganya. Nimemaliza mtihani wa mwisho wa shule, matokeo bado, na mama aliona nikikaa nyumbani nitamaliza mkate na uvumilivu wake. Akanipeleka kwa mdogo wake, yaani mama mdogo, mwenye karakana ya kuosha magari na kuyapaka dawa ya kulinda rangi. Hii ni wiki ya tatu. Mama mdogo hana haraka na kitu chochote, mimi nina haraka na kila kitu, kwa hiyo mnaweza kufikiria tunavyopendana.

Tatizo langu na kazi yenyewe ni hili. Gari limeoshwa, linang'aa, mtu yeyote mwenye macho anaona limekwisha. Mama mdogo anasema bado. Eti rangi imeng'ang'aniwa na vumbi la breki, lami na utomvu wa miti, vitu ambavyo sabuni haiviwezi. Kwanza gari linapuliziwa dawa ya kuyeyusha chembe za chuma, linachuruzika zambarau kama limemwagiwa juisi. Linasuuzwa. Halafu unavaa mfuko wa plastiki mkononi na kupapasa rangi taratibu, maana ukivaa mfuko vidole vinasikia hata chembe moja. Ndipo unachagua udongo. Si udongo wa shambani. Ni kama ule wa watoto kuchezea, unaukanda, unausugua juu ya maji ya kutelezesha nao unazoa uchafu uliobaki. Kipande kwa kipande, kila kimoja ukubwa wa daftari, gari zima. Mtu anaweza kuota mvi kwenye boneti.

Siku hiyo mzee mmoja, dereva mstaafu, alileta gari jeusi. Kwa miaka thelathini na moja ameendesha magari ya watu: ya ofisi, ya wakubwa, ya shule. Hili lilikuwa lake la kwanza, na alikuwa nalo siku ya nne. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi kwenye benchi, maswali yakaanza. Maji hayo ni safi? Kitambaa hicho hakijaanguka chini? Mbona umeanzia juu? Nilimjibu kwa adabu, lakini meno yalikuwa yameshikana. Alisema saa kumi jioni lazima awe nje ya kiwanda cha nguo anakofanya kazi mkewe. Mkewe hajawahi kukaa kiti cha mbele pembeni yake hata mara moja, kwa sababu magari ya watu hayabebi wake za madereva, na hili alitaka mkewe aliingie likiwa linang'aa kabisa.

Mama mdogo alikuwa anamalizia gari lingine upande wa nyuma. Akaniambia nipime, nichague udongo mwenyewe, nikimaliza nimwite. Ilikuwa mara ya kwanza kuniachia. Nikaenda kabatini. Makopo mawili, mwandiko wake kwenye vifuniko: MPOLE na MKALI.

Sasa niambieni ukweli. Mchezaji akifunga mabao matatu mnamwitaje? Mkali. Anayewashinda wote hesabu? Mkali. Mpole anasifiwa na nani, zaidi ya mama mkwe? Nikachukua MKALI. Niliona namtendea mzee hisani. Mfuko wa kupimia sikuuvaa kabisa. Mama mdogo aliwahi kueleza habari za makopo hayo wiki ya kwanza, nakumbuka mdomo wake ukifunguka na kufungwa, lakini nilikuwa naangalia simu.

Na kweli udongo ulikwenda kasi. Boneti nzima kwa dakika kumi na tano. Nikakausha, nikawasha taa ya kukagulia. Boneti nyeusi ilikuwa na ukungu, na ndani ya ukungu mikwaruzo myembamba, mamia, kama paka wamechezea pale. Nikafuta. Ikabaki. Nikafuta tena kwa kitambaa kingine, kana kwamba kosa ni la kitambaa. Kisha nikazima taa. Bila taa, chini ya paa, boneti ilionekana nzuri tu.

Sehemu zilizobaki nikazifanya kwa MPOLE, na hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote, kwa sababu ulipita vizuri na rangi ikawa laini kama kioo. Ungetosha tangu mwanzo.

Mama mdogo akaja na kichupa cha dawa ya kulinda rangi. Ana utaratibu wake: haliulizi gari, anamuuliza aliyeshika udongo. Ukishajibu, amekuamini.

"Umekagua kwa taa?"

"Nimekagua."

"Liko tayari?"

"Tayari."

La kwanza lilikuwa kweli. Akaenda kunawa mikono. Mimi nikabaki naitazama ile chupa. Dawa hiyo ikishakauka haitoki kwa kuosha, na kilicho chini yake kinakaa hapohapo miaka.

Mezani kwenye kona alikuwa binti yake, mdogo wangu wa darasa la sita, anafanya kazi za shule. Karakana nzima wanamwita Mkaguzi, na hawajakosea. Alikuja akasimama pembeni yangu, mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu.

"Kaka, nimekuona ukizima taa."

"Kafanye hesabu zako."

"Nimemaliza. Sema wewe au nitasema mimi. Ila mimi nitaongeza chumvi."

Mama mdogo alirudi, akavaa glavu, akadondosha matone matatu kwenye sifongo. Mkono ulikuwa umeshafika juu ya boneti.

"Subiri, mama mdogo," nikasema. "Halijawa tayari. Nimekudanganya."

Aliwasha taa, akaiangalia boneti, kisha akaangalia paa muda mrefu, kama anayetafuta huko mtu wa kumsaidia kunilea. Ndipo akauliza kwa nini nilichukua mkali. Nikamwambia nilidhani mkali ndio mzuri. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Wewe mtoto, ukiona kwenye geti wameandika 'mbwa mkali', unadhani wanamsifu mbwa?"

Mkaguzi alicheka hadi akashika meza. Mama mdogo hakucheka. Alieleza tena, polepole: ule mkali ni wa malori na rangi iliyochoka, unang'ata uchafu na rangi pamoja. Unaanza na mpole kila mara. Ukishindwa ndipo unapanda kwenye mkali. Halafu akanyoosha kidole kwenye benchi, akaniambia mwenye gari ni yule pale, nikamweleze mwenyewe.

Zilikuwa hatua kumi hivi. Nilimweleza mzee yote, pamoja na ile "tayari". Alikuja, akainama, akafuata mikwaruzo kwa kidole bila kuigusa. Moyoni niliomba anigombeze. Aliuliza tu kama inatoka. Mama mdogo akajibu kwamba inatoka, kwa mashine ya kung'arishia na kwa uangalifu, lakini dawa haitapakwa mpaka kesho.

"Ungenyamaza, ningejua?" mzee akaniuliza.

"Si leo, mzee. Siku jua litakapoipiga boneti."

Alitazama saa yake, akasonya, akachukua kofia. Akasema basi atakwenda kumpokea mkewe kwa miguu, kama siku zote. Nilimwona akivuka barabara, na ningependa mtu aniambie nifagie karakana mara mia badala ya kuona ule mgongo.

Nilishika ile mashine mchana kutwa, mama mdogo amesimama bega kwa bega nami, akirudia "taratibu" mpaka neno likapoteza maana. Jioni boneti ilikuwa nyeusi kama wino, taa imewashwa, hakuna hata mkwaruzo wa unywele. Kesho yake, baada ya mimi kupapasa gari zima kwa mfuko mkononi, mama mdogo akapaka dawa, akaliacha likauke.

Jioni mzee alikuja na mkewe. Akazunguka na taa gari zima, boneti mara mbili. Aliponirudishia taa, alinipa mkono. Kisha akafungua mlango wa mbele, wa upande wa abiria, na mama yule akaketi, akavuta mkanda huku mumewe akimwonyesha pa kuubana.

Walipoondoka, mama mdogo aliniita.

"Kosa la kopo nilikusamehe jana ileile. Lililoninyima raha ni ile 'tayari'. Dawa yetu haifuti kitu. Inashikilia kilichopo. Ukificha kosa chini yake, umelitunza. Pima kwanza, uliza usichojua, na ukiharibu, sema kabla dawa haijakauka."

Nikamwambia nimeelewa. Akaniambia nirudie neno kwa neno, maana mimi nikisema nimeelewa haamini tena. Nikarudia.