Ufa wa Korongoni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Efrazia alibeba ndoo na kupanda mteremko ulio nyuma ya nyumba yao hadi kwenye chemchemi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita. Saa hizo ukungu wa Mlima Hanang ulikuwa bado umelala juu ya mapaa ya mtaa wao wa Korongoni, na baridi ilimng'ata vidole. Akishajaza ndoo alishuka, akampa mdogo wake Pascal uji, kisha wakaondoka kwenda shule pamoja na Gidion, mtoto wa jirani.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, masika yalipoanza kukolea, maji ya chemchemi yalitoka yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Efrazia alisubiri yatulie. Hayakutulia. Alipoinua macho aliona jambo jingine. Mikaratusi iliyosimama wima siku zote sasa ilikuwa imeinama kuelekea nyumba zao, na nyuma yake ardhi ilikuwa imepasuka. Ufa ulianzia kwenye kichaka kimoja, ukapita juu ya mtaa wote, ukapotelea kwenye kichaka kingine. Efrazia aliingiza mkono ndani yake mpaka kwenye kiwiko, asiguse chini. Aliuchomoa haraka, kama mtu aliyehisi kuna kitu kitamshika.

Alimkuta baba yake, Tluway, akinoa panga mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona ndoo haina maji?"

"Maji ni machafu. Na kule juu ardhi imepasuka."

Tluway alipanda kutazama pamoja na majirani wawili. Walirudi wakitembea haraka. Baba yake alimwita pembeni, akamshika bega.

"Ulichokiona usimwambie mtu. Hata mwalimu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba. Lakini kwa nini?"

"Kwa sababu hatuna pa kwenda."

Efrazia alijua maana ya maneno hayo. Zamani baba yake alikuwa dereva wa trekta katika mashamba makubwa ya ngano. Mashamba yalipopunguza wafanyakazi, familia ilihamia Gidamesh, mji mdogo uliokuwa ukikua haraka tangu mkoa mpya wa Manyara utangazwe. Wafanyabiashara walikuja, watumishi walihamishiwa huko, na nyumba nzuri zikaota kama uyoga katika mtaa wa Tambarare, ambako ardhi ni imara. Tluway alijifunza ufundi wa kujenga, na kuta nyingi za Tambarare zilipita mikononi mwake. Lakini yeye mwenyewe hakuweza kuishi huko. Sheria ndogo za mji zilisema kila kiwanja cha Tambarare kiwe kikubwa, kijengwe nyumba moja tu, ya familia moja, na ikamilike kwa mara moja. Kupangisha vyumba kulikatazwa. Mtu wa kipato cha chini angewezaje? Basi wafanyakazi, wajane na wageni wote walijibana Korongoni, chini ya mteremko, kando ya korongo linalopitisha maji ya mvua. Kabla ya hapo walikuwa wameishi nyuma ya soko, mpaka siku tingatinga lilipokuja na kubomoa. Waliambiwa wakatafute mahali pengine, na mahali penyewe hawakuonyeshwa.

Ndiyo maana jioni ile wazazi wa Korongoni walibeba udongo kwa karai, wakauziba ufa, wakatandaza mabua ya mahindi juu yake. Efrazia alitazama akiwa dirishani. Mama yake, Mectilda, alikuwa akikoroga makande jikoni.

Mvua iliendelea kunyesha. Mlango wa nyumba yao, ambao siku zote ulifunguka kwa kidole, ulianza kukwama. Kwao Gidion ukuta ulipasuka kutoka dirishani hadi chini, na mama yake, Evaline, akaukandika kwa tope. Mbuzi wa jirani walikataa kwenda kula majani mteremkoni. Walisimama njiani na kulia. Kila Efrazia alipokwenda kuchota maji, aliona mabua yamezama kidogo zaidi, kana kwamba ardhi ilikuwa ikiyameza polepole.

Kisha akaja Bi. Fransiska. Alikuwa afisa mipango miji aliyehamishiwa Gidamesh kutoka Songea, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliyevaa mabuti ya mvua. Wazazi walikusanyika kumpokea, na watoto wakasimama nyuma yao.

"Nimekuja kuona hali ya mahali hapa kipindi hiki cha mvua," alisema. "Kuna tatizo lolote?"

"Hapa hakuna tatizo, mama," alijibu Tluway. "Tunaishi kwa amani."

"Mteremko haujasogea?"

"Haujasogea kabisa," alisema Evaline, akimtikisa mtoto mchanga aliyekuwa mgongoni mwake.

Bi. Fransiska aliwaangalia, akaanza kuondoka. Alipopita karibu na Efrazia alisimama.

"Mwanangu, maji mnachota wapi?"

"Shikamoo. Tunachota huko juu, kwenye chemchemi."

"Marahaba. Na ni safi?"

Lilikuwa swali dogo tu. Efrazia angeweza kusema "ndiyo" na mambo yakaishia hapo. Macho ya baba yake yalikuwa juu yake. Lakini alimtazama yule mtoto mchanga mgongoni mwa Evaline, amelala mdomo wazi, akakumbuka ule ukuta uliokandikwa tope. 

"Yalikuwa safi," alisema. "Sasa ni matope. Na ardhi imepasuka. Ufa uko chini ya mabua."

 Bi. Fransiska alipanda, akafunua mabua, akachuchumaa pale kwa muda mrefu. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mlilijua hili, na mkanificha?"

"Tungekwambia, ungepaka nyumba zetu alama ya X ya kutufukuza," alisema Tluway. "Haya, tukitoka hapa, utatupeleka wapi?"

"Jibu la swali hilo sina leo," alisema Bi. Fransiska. "Siwezi kukudanganya. Ila ninyi pia mnisikilize. Baraza la mji linajiandaa kupitia upya sheria za viwanja. Wapo wanaosema hakuna haja ya kubadilisha kitu, kwa kuwa kwenye ramani yetu hapa ni pori. Kila mnapojificha, mnawasaidia wao."

Kesho yake alama nyekundu za X zilipakwa kwenye kuta zote za Korongoni. Watu waliambiwa wahamie kwa muda katika ukumbi wa kanisa, mpaka mvua zipite. Wengi walihama wakinung'unika. Tluway alifungasha vyombo bila kumkemea binti yake, na ukimya huo ulimuumiza Efrazia kuliko fimbo. Gidion aliacha kuongozana naye kwenda shule. Efrazia alipomwamkia Evaline njiani, "Shikamoo mama," yule mwanamke alipita kama aliyepita kando ya jiwe. Yeye peke yake alikuwa amekataa kuhama. Alisema hawezi kulala na mtoto mchanga kwenye sakafu ya ukumbi kwa ajili ya maneno ya mtoto.

"Mama, nilikosea?" Efrazia alimwuliza Mectilda, wakitandika mikeka ukumbini.

Mectilda aliunyoosha mkeka. "Sijui, mwanangu," alisema. "Mimi nasikiliza mvua tu."

Mvua ilinyesha usiku na mchana, mpaka siku moja asubuhi ikakatika ghafla. Jua lilitoka, na watu wakaanza kusema kwamba wamedanganywa, warudi nyumbani. Adhuhuri Efrazia na Gidion walikuwa darasani waliposikia mngurumo. Haukuwa wa radi, kwa maana haukuisha. Madirisha yalitetemeka, chaki ikadondoka ubaoni. Mwalimu alikimbilia nje, akarudi na kusimama mlangoni akiwa ametanua mikono.

"Hakuna anayetoka," alisema. Sauti yake haikuwa ile waliyoizoea.

"Mwalimu, mama yangu yuko kule," alisema Gidion. Akajipenyeza chini ya mkono wa mwalimu, akakimbia. Efrazia alimfuata bila kufikiri.

Walipofika ukingoni, mtaa wa Korongoni haukuwapo. Palikuwa na matope mekundu, mazito, yaliyokuwa bado yakisogea taratibu huku yamebeba mabati na mikaratusi yenye mizizi juu. Kipande cha ukuta chenye alama ya X kilipita, kikageuka, kikazama. Gidion alikimbia kando ya ukingo akimwita mama yake.

Evaline walimkuta chini ya kichaka kando ya barabara, matope yakiwa yamemfika magotini, mtoto akilia mgongoni. Gidion alimwangukia.

"Korongo lilinyamaza," Evaline alisema. "Jua linawaka, mvua imekatika, na maji ya korongo yakaacha ghafla kupita, kama yamezibwa huko juu. Nikasukuma mlango ukakataa. Ndipo nikakumbuka maneno ya mtoto huyu kuhusu ufa. Nikatokea dirishani." Alimtazama Efrazia, akamvuta kwake kwa mkono uliojaa tope.

Hakuna mtu aliyekufa siku ile. Kila nyumba ya Korongoni ilifunikwa.

Majuma machache baadaye, baraza la mji liliitisha mkutano wa hadhara kuhusu sheria za viwanja. Ukumbi ulijaa mpaka nje. Mzee Severine, mfanyabiashara wa mbaazi mwenye nyumba mbili Tambarare, alisimama wa kwanza.

"Nawapa pole wenzetu," alisema. "Lakini tukikata viwanja vidogo na kuruhusu vyumba vya kupanga, Tambarare itageuka Korongoni nyingine. Mji utakosa sura."

Tluway alinyanyua mkono. Efrazia hakuwahi kumwona baba yake akizungumza mbele ya watu wengi kiasi kile.

"Mzee Severine, shikamoo. Ukuta wa sebule yako niliujenga mimi. Mama Gidion ndiye anayefua nguo kwako. Tunaruhusiwa kuingia Tambarare asubuhi, jioni tunaambiwa tukalale chini ya mteremko. Hatuombi nyumba ya bure. Tunaomba kiwanja tunachokiweza, na ruhusa ya kujenga chumba kimoja kwanza, kisha kingine. Au mji unataka mikono yetu, haututaki sisi?"

Mzee Severine alikaa, akatazama fimbo yake.  Wengine walipinga, wakabishana hadi jua likazama, lakini safari hii hakuna aliyeweza kusema kwamba Korongoni ni pori lisilo na watu. Watu wenyewe walikuwa wamejaa ukumbini. Baraza lilipopiga kura, sheria ilibadilishwa. Sehemu ya Tambarare ilikatwa viwanja vidogo, waliopoteza nyumba wakapewa nafasi ya kwanza, kupangisha vyumba kukaruhusiwa, na mtu akaruhusiwa kujenga kidogo kidogo kadiri ya uwezo wake. Korongoni hakuna atakayejenga tena. Huko itapandwa miti.

Jumamosi moja Efrazia alimsaidia baba yake kuvuta kamba ya kupimia msingi wa chumba chao cha kwanza. Kutoka pale lilionekana jeraha jekundu kwenye mteremko, na wingu jeusi lilikuwa limetua juu yake. Efrazia aligeuza uso.

"Usigeuke," Tluway alisema kwa upole. "Litazame. Sikukuambia siku ile, na nimechelewa kukuambia. Niliogopa tingatinga kuliko mlima, nikakuamuru unyamaze. Ulikataa kudanganya, na kwa sababu hiyo watu wote wa mtaa wetu wanapumua. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mtu akiwa na shida aiseme wazi, na mwenye mamlaka naye asipange mji kwa kuangalia ramani tu. Ashuke aone watu wanalala wapi. Tukifichana, sote tunaumia."

Aliinama, akapigilia kigingi cha kwanza ardhini. Akakipiga tena, kwa nguvu zaidi, akisikiliza mlio wake. Ardhi ilikuwa ngumu.