Watu Wanane wa Uwanja Mtupu

Kila asubuhi Madina aliteka maji kwenye kisima cha jirani, akafagia ua kuanzia mlangoni mpaka barabarani, kisha akasimama kidogo, ufagio mkononi, kuangalia nyumba ya ng'ambo. Mlango wa nyumba ile ulikuwa umefungwa kwa kipande cha waya tangu mwezi wa sita. Humo ndimo alimokuwa akikaa rafiki yake Claudine. Makombora yalipoanza kuanguka juu ya Kisangani, mwaka ule wa 2000, na majeshi mawili ya kigeni yakapigana siku sita katikati ya nyumba za watu, familia ya Claudine ilipanda mtumbwi wa mashine ikakimbilia Opala. Haikurudi. Nyasi zilikuwa zimeota mpaka kizingitini, na Madina hakuruhusiwa kwenda kuzing'oa, kwa sababu hakuna aliyejua ndani yake kumelala nini.

Papa yake, Hemedi, saa hizo alikuwa akipaka mafuta mnyororo wa baiskeli. Kabla ya vita alikuwa golikipa wa Mwangaza, timu ya mtaa wao wa Kabondo, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Sasa alikuwa mwendesha toleka: alifunga mto mdogo nyuma ya tandiko, akabeba abiria kutoka Kabondo kwenda Makiso na kurudi. Msimu wa mpira ulikuwa umesimamishwa tangu makombora yalipoangukia uwanja. Abiria wengine walimtambua wakamwuliza kama mikono yake bado inadaka. Alicheka nao. Akifika nyumbani hakucheka.

Madina alikuwa na miaka kumi na miwili. Zamani, kila Jumapili, yeye na Claudine walikaa kwenye ngazi ya tatu ya jukwaa, nyuma ya goli la papa yake, wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Darasani alikuwa na wenzake, ndiyo, lakini hakuna hata mmoja aliyejua kwamba Madina hucheka anapoogopa. Claudine alijua. Sasa jambo kama hilo halikuwa na mtu wa kulijua.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, wachezaji wa Mwangaza walikusanyika uani kwao. Tonton Évariste, mjomba wa watoto wote wa mtaa na katibu wa timu, alikuja na barua kutoka kwa wakubwa wa mpira wa mji. Madina alitumwa jikoni kuchemsha chai ya tangawizi. Laiti angebaki uani, mambo yote yaliyofuata yasingetokea, maana ni wakati huo huo Évariste alipoisoma barua na kuieleza.

Barua ilisema kwamba wategua mabomu wamesafisha uwanja wenyewe, pale panapochezewa. Majukwaa na vichaka vya pembeni bado. Kwa hiyo msimu uendelee bila watazamaji, milango ikiwa imefungwa, à huis clos kwa Kifaransa cha barua, au usiendelee kabisa mpaka mwakani. Na akionekana mtazamaji hata mmoja ndani, mpira utasimamishwa tena. Mama yake Madina, ambaye hakuwa mtu wa kuzungusha maneno, alisema pale pale kwamba hakuna cha kujadili. Watazamaji watarudi siku yao, lakini mguu ukishakatika haurudi.

Madina aliporudi na birika, barua ilikuwa imekwisha kukunjwa. Alphonse, nahodha, alikuwa akisema.

"Mpira à huis clos si mpira. Nitafunga goli, halafu nikimbilie kwa nani? Nikumbatie ukuta?"

Wengine walicheka, lakini si sana. Mmoja alisema kwamba afadhali wangoje. Mwingine alisema wakingoja mpaka mwakani, nusu yao watakuwa wamekwenda zao Banalia kulima. Ndipo Hemedi akaweka kikombe chini.

"Miezi minne watu wananijua kwa kengele ya baiskeli," alisema. "Mimi nitacheza. Hata à huis clos, nitacheza."

Mikono ikainuliwa. Walio wengi walikubali, na Alphonse naye mwishowe akainua wake, polepole kama mtu anayejikuna kichwa.

Madina alimimina chai huku akifikiri. Shuleni alikuwa amejifunza kuhesabu kwa Kifaransa, na alijua vizuri kwamba huit ni nane. Huis na huit, masikioni, havitofautiani hata kidogo. Kwa hiyo alielewa hivi: watazamaji wanane tu ndio wataruhusiwa, kisha mlango ufungwe. Aliona kweli Alphonse ana haki ya kulalamika, kwa maana wanane ni wachache mno. Lakini miongoni mwa watu wanane, je, mtoto wa golikipa angekosa nafasi?

Angeweza kuuliza. Wakubwa wote walikuwa wamekaa pale mbele yake. Lakini aliona kwamba akiuliza ataambiwa nafasi ni za wazee. Asiyeuliza hakatazwi, alijiambia, akarudisha birika jikoni.

Jumatatu alimwambia René, aliyekaa naye dawati moja, kwamba Jumapili, siku ya mchezo, atakuwa mmoja wa wale wanane. René hakujua anasema nini, lakini hakuwa mtu wa kukubali kwamba hajui.

"Wewe wa nane?" alisema. "Bon, mimi ni wa saba. Niwekee nafasi, na ulete karanga."

Madina alimwamini. Siku ya Jumapili, baada ya chakula, papa yake alipokuwa amekwisha kwenda, alifunga karanga katika kipande cha kitambaa akatoka bila kuaga.

Hakupitia lango kubwa. Pale walisimama askari, na Madina hakupenda kupita mbele ya bunduki. Alizunguka nyuma, mahali ambapo ukuta ulikuwa na tundu ambalo yeye na Claudine walilijua tangu wakiwa wadogo. Aliingia kwa ubavu, akapanda mpaka ngazi ya tatu, akakaa. Upande wa kushoto aliacha nafasi ya Claudine, kwa mazoea. Upande wa kulia aliweka karanga za René.

Akawangoja wale saba.

Jukwaa lote lilikuwa lake. Majani yalikuwa yameota kwenye nyufa za saruji, marefu kiasi cha kumficha mtu aliyekaa, na mahali palipokuwa na muuza mikate sasa palikuwa na shimo jeusi lenye kingo zilizoungua. Wachezaji walitoka wakakimbia kidogo kujipasha moto. Madina alishangaa kusikia pumzi zao. Zamani kelele za watu zilifunika kila kitu. Sasa alisikia viatu juu ya nyasi, alisikia papa yake akikohoa, alisikia hata ndege juu ya mwamba wa goli. Alitazama tundu la ukuta. Hakuna aliyeingia.

Kisha kamisaa wa mchezo, mzee mmoja mwenye miwani aitwaye Wenceslas, akaja katikati ya uwanja na makaratasi yake. Hakuhitaji kipaza sauti.

"Nawakumbusha," alisema. "Hakuna mtazamaji. Si mmoja, si nusu. Akionekana mtu jukwaani, mpira umekwisha mpaka mwakani. Pale juu hapajasafishwa mabomu."

Madina alisikia kila neno. Hapakuwa na wanane. Hawakuwahi kuwapo. Alijilaza kifudifudi nyuma ya ngazi, shavu juu ya saruji ya moto, na kicheko kikampanda kooni, kile cha woga. Akakibana kwa mkono. Kurudi tunduni hakuweza, maana angeonekana, na sasa alijua pia kwamba kila hatua ingeweza kuwa juu ya bomu. Akiinua kichwa tu, papa yake atarudi kwenye baiskeli. Na kwa ajili ya nani? Kwa ajili yake yeye.

Mpira ukaanza. Madina aliutazama kupitia ufa mdogo. Dakika ya ishirini, papa yake aliruka mzima mzima akapangua mpira uliokuwa umekwisha kwenda zake wavuni. Ulikuwa uokoaji wa kusimuliwa mwezi mzima. Aliinuka, akapangusa magoti, akaangalia kidogo kuelekea ngazi ya tatu, kama alivyozoea kila alipodaka vizuri. Hakuona mtu. Akashusha macho. Madina, umbali wa hatua thelathini tu, alikuwa ameshika mikono yake miwili isipige makofi.

Kabla ya mapumziko, mshambuliaji mmoja alipiga mpira ukapita juu ya goli, ukadunda, ukavuka kamba nyeupe iliyoonyesha mwisho wa mahali palipotafutwa mabomu, ukatulia ndani ya nyasi ndefu chini ya jukwaa. Hakukuwa na watoto wa kuokota mipira siku hiyo. Hemedi aligeuka kwenda kuufuata mwenyewe. Timu yake ilikuwa nyuma kwa goli moja na alikuwa na haraka. Mguu wake ulipita juu ya kamba kana kwamba haipo.

Kutoka juu, Madina aliona asichoweza kuona mtu aliyesimama chini. Kando ya mpira, kati ya nyasi, kulikuwa na chuma cha kijivu chenye mapezi mkiani kama samaki aliyezamisha kichwa ardhini.

Alisimama wima.

"Papa, simama. Usiinue mguu. Iko bomu pale."

Hemedi aliganda. Wachezaji ishirini na mmoja wakageuka kuangalia jukwaa. Kisha Hemedi, bila kumwangalia binti yake, akarudi nyuma, akikanyaga nyayo zake mwenyewe, mpaka akavuka kamba.

"Na wewe, mama yangu, usitikisike," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya golikipa.

Mtegua mabomu mmoja aliyekuwa langoni na askari alipanda na chombo chake, akapima ngazi hadi ngazi, akamshusha Madina kwa mkono. Mchezo ukavunjika. Chini, wachezaji walimzunguka. Alphonse alivua kiatu akakitupa chini. Mzee Wenceslas alifungua daftari lake, akasikitika, lakini akasema sharti ni sharti.

Tonton Évariste alimvuta Madina pembeni kidogo, si mbali, kila mtu akasikia.

"Sikia, binti. Tutasema tulikuingiza sisi, kupitia langoni, utuletee maji. Mleta maji si mtazamaji. Wewe kubali tu, na msimu utaendelea."

Lilikuwa jambo dogo. Madina alimwangalia papa yake. Hemedi alikuwa akivua glovu, kidole kimoja kimoja, kama mtu asiyejua atazivaa tena lini. Hakumsaidia.

"Hapana, tonton," alisema Madina. "Niliingia kwenye tundu la ukuta, nyuma kule. Nikisema nilipita langoni, hakuna atakayeliziba. René naye atapita, na wengine."

Akaeleza yote: huit, wanane, karanga, na jinsi alivyoogopa kuuliza. Mchezaji mmoja alianza kucheka kwa sababu ya wale wanane, kisha akaona hakuna anayemfuata. Mzee Wenceslas aliandika polepole, akamwomba aonyeshe tundu lenyewe. Walipofika pale wakakuta nyayo za watoto wengine, ndogo kuliko za Madina, nyingi, zikiingia na kutoka. Mzee alizitazama kwa muda. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

Uamuzi ulitoka siku nne baadaye. Wakubwa wa mpira waliandika kwamba kama mtoto yule angenyamaza, au angedanganya, wangezika watu. Msimu hautafutwa. Utasimama wiki tatu, mpaka nyuma ya magoli pasafishwe na ukuta uzibwe, kisha utaendelea vile vile, bila watazamaji. Wachezaji wa Mwangaza waliliziba tundu wenyewe kwa matofali, na Alphonse ndiye aliyelipiga plasta.

Jioni barua ilipofika, mama alimkalisha Madina jikoni mbele ya lundo la pondu, majani ya muhogo, akampa kisu, na wote wawili wakaanza kukata majani.

"Huis ni mlango," alisema mama. "Clos ni kufungwa. Ungeuliza, ungejua kabla chai haijapoa. Uliona haya kuuliza neno moja, ukaenda kukalia mabomu. Kosa hilo usilirudie, hata ukiwa mzee kama mimi. Asiyejua na aulize."

Madina aliitika.

"Lakini tonton Évariste alikupa uongo uliokwisha kupikwa, wa kukuokoa wewe na papa yako, ukaukataa. Ukweli wako ulitaka kutunyang'anya kazi, na ukausema hivyo hivyo. Zile nyayo ndogo ukutani hazitapita tena. Hilo ulilolifanya lishike, usiliache."

Jumapili ya mchezo wa kwanza baada ya zile wiki tatu, Kabondo ilikuwa kimya. Madina alikaa uani juu ya kigoda, akiitazama ile nyumba iliyofungwa kwa waya. Redio ndogo ilikuwa dirishani, na mtangazaji alisema Hemedi ameruka, amedaka, mpira uko mikononi. Madina akapiga makofi. Mikono miwili peke yake ilitoa sauti ndogo katika ua ule. Akaacha.

"Hanisikii," alisema.

Mama alitoka jikoni akipangusa mikono kwenye kitenge. Alivuta kigoda kingine, akakaa upande wa kushoto, palepale pa Claudine.

"Piga tu," alisema, naye akaanza kupiga. "Tuko wawili. Bado sita."