Upande wa Yande Kwenye Sinia

Kila mchana, Shangazi Tening alipoita, nyumba nzima ilikusanyika kwenye mkeka uani. Sinia kubwa la wali na samaki liliwekwa katikati, na kila mtu alikula upande wake. Yande alikaa karibu na binamu yake, Latir. Alifinyanga tonge, akaonja kidogo, kisha akausukuma wali uliobaki upande wa Latir. Latir akaula.

Kwenye sinia la pamoja, nani atajua aliyekula na aliyejifanya anakula? Mkono wa Yande ulikwenda na kurudi kama mikono mingine.

"Umeshiba, mwanangu?"

"Nimeshiba, Shangazi."

Ulikuwa uongo. Tangu mama yake alipomleta mjini Kaolack kusoma, hamu ya chakula ilikuwa imemtoka. Binamu zake walikuwa na michezo yao na vicheko vyao, naye alikuwa mpweke katika nyumba iliyojaa watu. Usiku alilia akiwa amejifunika gubigubi. Kusema hakuthubutu, asije akaonekana hana shukrani.

Siku moja mama yake alipiga simu, akasema angekuja likizo ikifika. Yande aliruka kwa furaha, na hamu ya chakula ikamrudia. Mchana huohuo jirani yao, Mama Astu, alikuwa na sherehe ya kumpa mjukuu wake jina. Yande aliufakamia wali wa mafuta na nyama ya kondoo mpaka pumzi zikambana. Kabla ya alasiri tumbo lilimsokota, akatapika na kuharisha.

"Ni Astu huyu!" Shangazi alifoka wakielekea zahanati. "Kalisha watoto wa watu nyama iliyolala! Leo atanitambua!"

Muuguzi Sy alikuwa Mtukulor, na Watukulor na Waserer, kabila la kina Shangazi, ni watani.

"Waserer hao!" akasema alipowaona. "Mkiona wali hamna breki!"

"Nyamaza wewe, mtumwa wangu," Shangazi akamrudishia utani, lakini hakucheka.

Muuguzi alimbonyeza Yande tumbo, akaushika mkono wake uliokonda. Utani ukamtoka. "Waliokula naye wanaumwa?"

"Wengine wote wazima. Lakini Astu ataniambia alipika nini."

Yande alimkumbuka Mama Astu, aliyepuliza moto tangu alfajiri na kumchagulia mnofu mzuri. Machozi yakamtoka.

"Si Mama Astu," akasema. "Mimi sikuwa nakula, Shangazi. Chakula changu nilikuwa nampa Latir. Kila siku."

Shangazi aliketi kitini taratibu.

Muuguzi akavuta kiti chake karibu. "Sikiliza, Yande. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna seli ndogo sana. Chakula kikifika, nyingine hutoa ute wa kuulinda utumbo, nyingine hupeleka habari ili nyongo na majimaji ya kusaga chakula yaje. Chakula ndicho kinachoziamsha. Ukikaa siku nyingi bila kula vizuri, zinapunguza kazi, na ukuta wenyewe unakonda. Leo umezimwagia mafuta na nyama kwa mkupuo, nazo hazikuwa tayari."

"Zimekufa?"

"Hapana. Zilishe polepole, zitarudi kazini. Leo maji ya chumvi na sukari, kesho uji mwepesi wa uwele, kidogo kidogo, mara nyingi. Wali wa mafuta usubiri."

Wakirudi, Shangazi alipita kwa Mama Astu, si kugombana, bali kumshukuru kwa chakula. Kisha akamkalisha Yande mkekani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa. Namkumbuka mama."

"Nilipoolewa hapa nami nililia hivyohivyo," Shangazi akasema. "Mwanangu, mimi nilitazama mikono kwenye sinia, sikukutazama wewe. Hilo ni kosa langu. Lako ni kusema umeshiba huku una njaa. Uongo wako ulikuumiza wewe, na karibu umchafulie jina mtu asiye na hatia. Ukiwa na njaa sema. Ukiwa mpweke sema pia, maana hilo siwezi kuliona kwa macho."

Baada ya siku chache za uji, Yande alirudi kwenye sinia. Safari hii alikaa ubavuni kwa Shangazi, aliyechambua samaki na kumwekea vipande upande wake.

"Mama, mbona wali wangu umepungua?" Latir akalalamika.

Yande alicheka kidogo. Mama yake alikuwa bado mbali, na bado alimkumbuka. Akafinyanga tonge, akala.