Sufuria ya Nahodha

Haya yalimpata Maombi, dada ninayeimba naye kwaya. Alikwenda Roseville, mji jirani huku ughaibuni tunakoishi, kuchukua sufuria kubwa ya chuma, tuitumie kupikia wageni wa harusi kanisani. Mzungu mmoja mzee alikuwa akiigawa bure.

"Ilikuwa ya babu wa babu yangu," mzee alimwambia. "Alisafirisha watumwa wakati sheria imeshakataza. Manowari ya doria ilipomkaribia, aliwafunga wote kwenye mnyororo wa nanga, akawatosa. Wanamaji walipopanda melini walikuta sufuria tu, wakamwachia." Akacheka hadi akavua miwani kufuta machozi, kisha akaivaa tena.

Mimi ningemtemea mate. Maombi aliipakia sufuria tupu kwenye kiti cha nyuma cha gari, akaifunika, akaondoka.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, Desemba, na kwa majira ya baridi ya huku giza limeshatanda. Njiani alisikia mnyororo ukiburuzwa kwenye kiti cha nyuma, taratibu, kisha kitu kizito kikatumbukia majini. Halafu kimya.

Alisimamisha gari, akafunua kifuniko. Sufuria ilikuwa imejaa maji pomoni. Aliyaonja kwa kidole, yakawa ya chumvi. Akatumbukiza mkono hadi begani, akapapasa chini kote. Alikuta miwani ya yule mzee tu.