Inchi Tisa

Dada yangu ni fundi wa nguo za kike, mimi namshonea vifungo. Kwa hiyo haya sikusimuliwa na mtu, na asiyetaka kuamini shauri yake.

Ilikuwa Jumamosi mchana, jua kali, wateja wameshaondoka. Nilitoka kwenda kununua uzi mweusi, nikamwacha dada anapiga pasi.

Ufundi alifundishwa na mwanamume aliyeishi naye miaka saba. Alimkuta ana miaka kumi na tisa, hata kushika mkasi hajui. Kila Jumamosi mchana yule bwana alimsimamisha katikati ya duka, akampima kiuno, kifua na shingo, akaandika kwenye daftari la vipimo. Kipimo kikiongezeka hata nusu inchi, siku hiyo dada hali chakula. "Nani mwingine atakutaka wewe?" ndiyo ilikuwa salamu yake. Kisha akafungasha virago, daftari akaliacha, akaenda zake kwa mwanamke mwingine. Mimi nilishukuru. Dada alilia mwezi mzima, mpaka nikachoka kumbembeleza.

Akashona sanamu. Alichukua shati alilosahau yule bwana, akalijaza vipande vya vitambaa mpaka kwenye mikono, akalisimamisha juu ya gongo la mti humo dukani. Kila Jumamosi akawa anajipima mbele yake.

"Dada, hilo dude tulichome."

"Niache, mdogo wangu. Nimezoea."

Siku ile nilipokwenda kununua uzi alifanya upumbavu ambao mpaka leo sijamsamehe vizuri. Alishonea ncha za futi ya kupimia kwenye mikono ya sanamu, moja kulia, moja kushoto, halafu akaingia katikati. Alitaka apimwe.

Niliporudi mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikachungulia dirishani.

Dada yuko sakafuni. Sanamu liko juu yake. Futi imezunguka shingo na ile mikono inavuta. Mikono ya vitambaa, jamani, inavuta. Damu inamtoka dada puani.

Nilivunja kioo kwa kiwiko, nikaingia. Nikalishika lile shati mgongoni. Lilikuwa na joto. Lilikuwa linahema. Likanirusha kwenye cherehani, jino langu la mbele likang'oka.

"Nani atakutaka," likanong'ona. Sauti ya yule bwana kabisa.

Dada akapapasa. Akaupata mkasi. Akachoma. Akachoma tena. Damu ikaruka mpaka darini, na humo ndani hamna kitu ila vitambaa.

"Mimi," akasema, sauti haitoki. "Najitaka mimi."

Akaikata futi.

Tulilichoma nyuma ya duka kabla jua halijazama. Lilinuka nyama. Dada hakulia. Alinawa uso, akachukua futi nyingine, akajipima taratibu bila kujitukana, mara ya kwanza mimi kumwona hivyo. Akajikatia gauni la kijani, shingo wazi, alama ya futi inaonekana yote. Nikamwambia aifunike. Akasema hiyo ni shingo yake na anaipenda.

Yule bwana yu hai, nasikia, mji wa mbali, mzima wa afya.

Lakini kila Jumamosi mchana tukifungua lile daftari la vipimo tunaukuta mstari mpya, mwandiko wake, ile tisa yake yenye mkia mrefu. Shingo, inchi tisa. Dada shingo yake ni kumi na tatu. Tisa ni pale ilipofikia futi ikimkaba, kabla hajaukamata mkasi.

Jumamosi iliyopita nilijitia ujasiri nikaugusa ule mstari. Ulikuwa mbichi. Kidole kilitoka chekundu.

"Dada, litupe hili daftari," nikanong'ona.

"Duka ni langu, daftari ni langu. Namwachia kwa sababu gani?"

Alikuwa anatafuna mkate, wala hakuacha kutafuna. Akaikata ile tisa kwa kalamu, akaandika kumi na tatu, akaniambia nikanawe mkono nije nishone vifungo.