Sauti ya Asali Yagoma

Wenzake kazini walimpachika jina la Asali kwa sababu ya sauti yake. Alifanya kazi katika kituo cha simu za dharura. Mtu akipatwa na ajali, Asali ndiye anayepokea simu. Anatuma gari la wagonjwa, kisha anabaki na mpigaji simu akimtuliza mpaka gari lifike. Simu hiyo ikikatika, nyingine inalia papo hapo.

Siku moja simu ilipigwa na baba ambaye mtoto wake mchanga alikuwa hapumui. Asali alimwelekeza jinsi ya kumpulizia hewa. Gari likafika, simu ikakatika. Je, mtoto alipona? Hakuna aliyemwambia. Asali akapokea simu iliyofuata.

Tangu hapo usingizi ukampaa. Binti yake akiangusha kijiko tu, yeye anaruka. Kazini alinyamaza, asije akaonekana legelege. Asubuhi moja alifungua kinywa amwamshe binti yake. Sauti haikutoka. Ilitoka hewa tupu.

Mume wake, seremala mpenda utani, alimpa maji ya moto yenye asali, akisema leo Asali anakunywa asali. Hayakufua dafu. Wiki zikapita bila Asali kwenda kazini, utani ukaisha. Wote wawili waliogopa saratani, ila hakuna aliyelitaja neno hilo. Mwishowe wakaenda kwa daktari wa koo.

Daktari alipitisha kamera nyembamba puani mpaka kooni, kisha akamgeuzia Asali skrini. Asali aliona nyuzi zake za sauti, mbili nyeupe, zenye unyevu, zikifunguka na kujifunga. Alipigwa na butwaa. Kumbe maneno yote aliyowahi kusema yalipita kwenye kijilango kile! Watu wote aliowatuliza waliitegemea nafasi ndogo kama ukucha!

"Hakuna ugonjwa hapa," daktari alisema. "Hebu kohoa."

Asali akakohoa. Kikohozi kikatoka na sauti.

"Umesikia? Sauti ipo. Misuli ya koo ndiyo imekaza, kama mtu aliyekunja ngumi akasahau kuikunjua. Kazini kwako kuna nini?"

Kwa kunong'ona, Asali akamweleza habari za yule mtoto. Machozi yakamtoka. Mumewe alimshika mkono. Hakuwahi kuyasikia hayo.

"Mama, mzigo wa kazi haukai kichwani tu," daktari alisema. "Mwili nao unaubeba. Mmoja moyo unamwenda mbio, mwingine tumbo linavurugika. Wewe umekushika kooni. Husingizii ugonjwa, wala wewe si mvivu. Mazoezi ya sauti yatakusaidia, lakini kazi nayo irekebishwe. Zungumza na msimamizi wako."

"Akisema siiwezi kazi?"

"Mwambie hakuna anayeiweza kazi hiyo bila kupumua."

Msimamizi alikuwa mama mtu mzima, aliyewahi kupokea simu miaka mingi. Alimsikiliza Asali akinong'ona mpaka mwisho. Kisha akakiri kwamba hata yeye, simu ya nyumbani ikilia, huogopa kuipokea. Akawaita wafanyakazi wote. Kila mmoja alikuwa na lake: huyu maumivu ya kichwa, yule hasira kwa watoto.

Wakapanga upya kazi. Baada ya simu nzito, aliyeipokea anatoka nje kupumzika, na mwenzake anashika zamu. Mshauri nasaha anakuja kuwasikiliza. Na madereva wa magari ya wagonjwa wanapiga simu kueleza mambo yameishaje.

Habari za mtoto yule hazikupatikana kamwe. Asali alimlilia mbele ya mshauri, akalala usingizi wa kweli. Kwa mazoezi, sauti ikarudi kidogo kidogo, kwanza ya kukwaruza, kisha yake mwenyewe.

Aliporudi kazini alipokea simu ya mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa njiani. Alimwongoza mpaka gari likafika. Kisha akatoka nje, akanyoosha mgongo, akanywa maji.

Aliporudi ndani, dereva alikuwa kwenye simu. "Ni wa kike. Mama mzima, mtoto mzima. Msikilizeni."

Asali akafungulia spika. Kilio chembamba kikajaa chumbani, sauti ambayo dunia haikuwa nayo asubuhi ile. Watu wote wakasimama, wakiisikiliza.